Kutoka Gikomba hadi Bugarama: familia iliyonunua saruji ya Rusizi

RUSIZI. Ukishuka kutoka Kamembe kwenda Bugarama, kinachokupokea kwanza ni joto. Vilima na ukungu vinabaki nyuma, barabara inateremka hadi chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mbele yako linafunguka bonde la mpunga linalomwagiliwa na mto Rubyiro. Hapa ndipo sehemu ya chini kuliko zote nchini Rwanda. Kiswahili kinasikika sokoni sawa na Kinyarwanda, adhana inasikika mchana, na ng'ambo ya mto Rusizi unaiona Kamanyola, Congo. Upande wa kusini, ukivuka mto Ruhwa, uko Burundi.

Katikati ya hayo yote, katika sekta ya Muganza, kuna mnara, tanuru na vumbi la kijivu. Ni Cimerwa, kiwanda cha saruji, au isima kama inavyoitwa na wengi hapa. Kwa miaka 40 maisha ya bonde hili yamepimwa kwa kiwanda hicho: kikiwasha tanuru kuna vibarua, malori na wapangaji; kikizima, hata muuza chapati anajua.

Januari 2024 kiwanda kilipata mwenye mali mpya. Kampuni ya Afrika Kusini, PPC, ilikamilisha kuuza hisa zake asilimia 51 kwa dola za Marekani milioni 42.5. Mnunuzi hakuwa kampuni kubwa ya Ulaya wala serikali. Alikuwa National Cement Holdings, kampuni ya kundi la Devki la Kenya, ambalo lilianzishwa na mtu na mkewe kwa duka la vifaa vya ujenzi katika soko la Gikomba, Nairobi. Mnunuzi huyo alikusanya pia hisa za wanahisa wengine, na leo zaidi ya asilimia 99 ya Cimerwa iko mkononi mwake.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo kwa Rusizi, ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Jiwe la amashyuza

Saruji haianzi kiwandani, inaanza kwenye jiwe. Bugarama ina chemchemi za maji moto, amashyuza, ambazo watu huenda kuoga wakiamini zinatibu maungo. Maji hayo yanapanda kutoka chini yakiwa yamebeba chokaa, na kwa maelfu ya miaka yameiacha juu ya ardhi ikaganda kuwa mwamba. Mwamba huo ndio unaochimbwa. Nchi nzima ya Rwanda haina mahali pengine penye kiwanda kinachofanya kazi yote tangu mwanzo: kuchimba chokaa, kuichanganya na udongo, kuichoma katika tanuru linalozunguka kwa joto la nyuzi zipatazo 1,450, kupata mawe meusi madogo yaitwayo klinka, kisha kuyasaga pamoja na jasi kidogo hadi yawe unga. Viwanda vingine vya nchi vinasaga tu klinka iliyotoka nje.

Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Rwanda iko mbali na bahari. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni kilomita zipatazo 1,500 kwa lori, na kutoka Mombasa ni zaidi ya hapo. Saruji ni bidhaa nzito na ya bei nafuu kwa kilo, kwa hiyo nauli inaweza kula thamani yake njiani. Nchi isiyo na klinka yake inanunua nauli pamoja na saruji.

Cimerwa ilianza kuzalisha mwaka 1984, kwa msaada wa China, ikiwa mali ya serikali. Ilikuwa ndogo. Uwezo wake haukuwahi kuvuka tani 100,000 kwa mwaka, na teknolojia yake ilikuwa ya njia ya maji: malighafi ilisagwa kuwa uji mzito, na mafuta mengi yakaunguzwa kukausha maji yale kabla ya kuchoma jiwe lenyewe. Mafuta mazito ya tanuru yalisafiri kutoka pwani. Ndiyo maana wahandisi waligeukia nyiramugengeri, yaani mboji ya vinamasi inayowaka, ambayo Rusizi inayo kwa wingi huko Gishoma. Kinamasi hichohicho baadaye kilijengewa kituo cha umeme cha megawati 15.

Mwaka 1994 kiwanda hakikuachwa nje ya maafa. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wafanyakazi wa Cimerwa waliuawa, na kila mwezi wa Aprili familia zao na kiwanda huwakumbuka Muganza. Habari yoyote ya kampuni hii inayoruka kutoka 1984 hadi kwenye hisa na dola, bila kusimama hapo, itakuwa pungufu.

Wenye mali walivyopokezana

Baada ya hapo serikali ilitafuta mikono mingine. Kwanza walikuja wawekezaji wa ndani kupitia Rwanda Investment Group. Walikuwa na nia, lakini tanuru jipya linahitaji fedha ambazo kundi la wafanyabiashara wa Kigali lisingezipata kwa urahisi. Nchi ilikuwa inajenga kwa kasi, na sehemu kubwa ya saruji ilikuwa inaingia kwa malori kutoka Uganda, Kenya na Tanzania.

Ndipo ikaja PPC, kampuni ya saruji iliyoanza Pretoria mwaka 1892. Ilichukua asilimia 51 kwa takriban dola milioni 69. Agosti 2015 Rais Paul Kagame alizindua kiwanda kipya kando ya kile cha zamani. Hiki kilitumia njia kavu, kikiwa na uwezo wa tani 600,000 kwa mwaka, mara sita ya uwezo wa awali. Agosti 2020 hisa za Cimerwa ziliandikishwa kwenye Soko la Hisa la Rwanda, na mwananchi wa kawaida, angalau kwenye karatasi, aliweza kuwa na kipande cha kiwanda cha Bugarama.

Linganisha sasa namba mbili. PPC iliingia kwa dola milioni 69 na ikatoka kwa milioni 42.5, kwa hisa zilezile asilimia 51. Mtu angedhani kiwanda kilikuwa kinakufa. Hakikuwa kinakufa, miaka ya mwisho ya PPC kilikuwa kinaingiza faida. Aliyekuwa na shida ni mwenye mali. PPC ilikuwa imetawanyika katika nchi nyingi kwa mkopo, ikaamua kurudi nyumbani kusini mwa Afrika na kupunguza madeni. Mtu anayeuza kwa sababu zake mwenyewe huuza rahisi, na mfanyabiashara wa Gikomba yeyote anajua namna ya kumtambua muuzaji wa aina hiyo.

Msaidizi wa kuhani

Narendra Raval alizaliwa mwaka 1962 katika kijiji cha jimbo la Gujarat, India. Alilelewa ili awe mtumishi wa dini, na alifika Kenya akiwa kijana kabisa, msaidizi wa kuhani katika hekalu la Swaminarayan. Alipoamua kuoa, njia ya ukuhani ilifungwa, kwa sababu utumishi ule hauruhusu ndoa. Jina la utani alilopewa, Guru, ndilo pekee alilotoka nalo hekaluni, na hadi leo Nairobi nzima inamwita hivyo. Hadithi yake ameisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2018.

Yeye na mkewe, Neeta, walifungua duka dogo Gikomba. Asiyeijua Gikomba aifikirie hivi: soko kubwa la mitumba na mabati, mahali ambapo fundi anaingia na noti chache mfukoni na kutoka na misumari, waya na nondo mbili begani. Katika soko hilo muuzaji anajifunza mambo ambayo chuo hakifundishi. Anajua fundi anajenga lini, yaani baada ya mavuno na baada ya mshahara. Anajua nani anakopesheka. Na kila siku anaona kwamba faida kubwa haibaki kwake bali inapanda juu, kwa yule anayetengeneza nondo.

Kwa hiyo akapanda juu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaja kundi la Devki na kiwanda cha chuma. Baadaye yakafuata mabati ya Maisha, kisha saruji ya chapa ya Simba chini ya National Cement. Kampuni ilipoona inanunua klinka kwa wengine, ilijenga tanuru lake huko Kajiado. Ilifungua pia kiwanda Tororo, Uganda. Hata ndege na mifuko ya saruji ni biashara za kundi hilohilo. Ukiitazama kwa mbali unaona mtindo mmoja unaojirudia: kila kitu ambacho duka lililazimika kukinunua kwa mwingine, familia ilijaribu kukitengeneza yenyewe.

Si kwamba yote yalitoka mfukoni mwao. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, ambalo ni la kundi la Benki ya Dunia, liliweka fedha katika National Cement. Lakini maamuzi yalibaki mezani pa familia. Na hapo ndipo tofauti yake na PPC inapoonekana. Kampuni yenye wanahisa wengi Johannesburg inalazimika kueleza kila nusu mwaka kwa nini inashikilia kiwanda kilicho mbali, kando ya mipaka mitatu yenye matatizo. Familia inaweza kukaa kimya miaka mitano ikingoja. Hiyo ni nguvu kubwa katika biashara ya saruji, ambayo tanuru lake linahesabiwa kwa miongo.

Onyo la Athi River

Hata hivyo, familia kumiliki hakuhakikishi chochote. Mfano ulio karibu ni kampuni ya ARM, Athi River Mining, ambayo wengi Kigali wanaikumbuka kwa sababu ilikuwa na kiwanda cha kusaga saruji hapa Rwanda kwa jina la Kigali Cement. Nayo ilikuwa ya familia. Ilianzishwa Kenya mwaka 1974 na mzee Paunrana, ikaanza na chokaa na madini madogomadogo, ikaja kuongozwa na mwanawe, Pradeep. Iliingia Soko la Hisa la Nairobi mwaka 1997. Kwa muda ilionekana kuwa mfano bora wa biashara ya nyumbani iliyokomaa.

Kisha ikajenga kiwanda kikubwa Tanga, Tanzania, kwa mikopo ya dola. Mwaka 2016 Tanzania ilizuia makaa ya mawe kutoka nje, wakati huohuo viwanda vipya vikaongezeka na bei ya saruji ikaanguka. Deni lilikuwa la dola, mapato ya shilingi. Agosti 2018 ARM iliwekwa chini ya wasimamizi. Familia ikapoteza ilichojenga kwa zaidi ya miaka 40.

Na nani alinunua mali za ARM za Kenya mwaka 2019, kwa takriban dola milioni 50? National Cement, kampuni ya Raval. Kiwanda cha Tanga kilikwenda kwa Huaxin ya China.

Kwa hiyo Cimerwa haikuwa mara ya kwanza kwa Devki kuokota kilichoangushwa na mwingine. Mtu wa Bugarama anayetaka kujua mwenye mali wake mpya ana tabia gani asisome matangazo. Atazame jinsi viwanda vya ARM vilivyopokelewa na kuwashwa tena. Na pia akumbuke kuwa ARM yenyewe, miaka michache kabla ya kuanguka, ilisifiwa kwa maneno yaleyale yanayotumika leo kumsifu mnunuzi.

Si Rusizi peke yake

Kinachotokea Bugarama kinatokea ukanda mzima. Kampuni ya Holcim ya Uswisi imeuza Hima Cement ya Uganda kwa kundi la Sarrai, la familia ya Rai, kwa dola milioni 120. Mbeya Cement ya Tanzania ilikwenda kwa Amsons, kundi la familia ya Nahdi la Dar es Salaam, na mwishoni mwa 2024 Amsons hao wakaichukua Bamburi ya Mombasa kwa zaidi ya dola milioni 180. Katika muda wa miaka miwili au mitatu hivi, viwanda vilivyokuwa vikiamuliwa Zug na Johannesburg vimehamia kwenye ofisi za Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Kwa wanaotaka kuiona Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa kitu cha kugusa kwa mkono, hii ni habari kubwa kuliko mikutano mingi. Rwanda iliingia katika Jumuiya mwaka 2007. Congo ikafuata mwaka 2022. Sheria za soko la pamoja zimeandikwa na kutiwa saini zamani. Lakini anayeziweka kwenye majaribio ni mfanyabiashara anayehamisha fedha zake kutoka Athi River hadi Muganza.

Upo upande wa pili unaostahili kusemwa waziwazi. Hisa zikiwa sokoni, hesabu za kampuni huchapishwa na kila mtu anazisoma. Zikikusanywa karibu zote mkononi mwa familia moja, macho ya nje yanapungua. Cimerwa ndiyo tanuru pekee la klinka nchini. Bei yake ikipanda, mjenzi wa Huye au Karongi hana tanuru jingine la nyumbani la kukimbilia, ila saruji ya kuvuka mpaka. Hapo si suala la wema au ubaya wa familia fulani. Ni kazi ya taasisi za ushindani za Rwanda na za COMESA kutazama, na ni haki ya mnunuzi kuuliza.

Majirani wa kiwanda nao wana maswali yao, ambayo hayabadiliki hata mwenye mali akibadilika. Vumbi linakwenda wapi? Baruti za machimbo zinapigwa saa ngapi? Vijana wangapi wa Muganza, Bugarama na Nyakabuye watafundishwa kazi za tanuru na maabara, na wangapi wataishia kupakia mifuko? Chini ya China, chini ya serikali, chini ya RIG, chini ya PPC, maswali yalikuwa hayo.

Lipo pia jambo linalowaudhi wengi hapa, nalo ni bei dukani. Mtu anayeishi mahali panapotoka saruji hutarajia kuipata kwa bei nafuu kuliko wa Kigali. Lakini bei haipangwi na umbali peke yake. Mnunuzi mkubwa wa mji mkuu anachukua lori zima na kulipa taslimu, huku fundi wa kijijini akinunua mifuko mitatu kwa muuzaji wa mwisho katika mnyororo. Raval mwenyewe alianza akiwa mwisho wa mnyororo huo. Itapendeza kuona kama analikumbuka duka la Gikomba anapopanga mawakala wa Rusizi.

Mipaka mitatu

Kwenye ramani, hakuna kiwanda chenye soko zuri kuliko hiki. Bukavu, jiji kubwa la Kivu Kusini, liko jirani na Kamembe, linatenganishwa na mto tu. Bujumbura iko mwendo wa saa chache kwa barabara ya Cibitoke. Karibu na hapa, kwenye mto Rusizi, ndipo unapopangwa mradi wa umeme wa Ruzizi III wa megawati 206, wa Rwanda, Burundi na Congo kwa pamoja, ambao utakunywa saruji kwa miaka. Kigali, kinyume chake, iko mbali: lori linapanda kutoka joto la Bugarama, linapita msitu wa Nyungwe kwa kona zake, linakwenda Huye, kisha ndiyo linaanza kuukaribia mji mkuu.

Lakini lori halipiti kwenye ramani, linapita mpakani. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda. Ilikuwa wiki mbili tu kabla ya PPC na Devki kukamilisha mauziano. Kituo cha pamoja cha Ruhwa, kilichojengwa ili maofisa wa nchi mbili wakague mzigo mara moja chini ya paa moja, kikabaki bila mzigo. Februari 2025 wapiganaji wa M23 waliingia Bukavu, benki za jiji hilo zikafungwa, na biashara ya kuvuka Rusizi ikaanza kutegemea noti zilizomo mfukoni mwa mteja.

Familia ya Devki ilinunua kiwanda chenye masoko matatu, na tangu siku ya kwanza ikakuta moja limefungwa. Ndiyo maana kila asubuhi malori yanayotoka langoni Muganza hayaelekei Ruhwa, kilomita chache kusini. Yanageuza pua kaskazini, yanaanza kupanda kuelekea Kamembe, na yakifika njia panda mengi yanashika ile ya Nyungwe.